Mahakama Iliyozaliwa Bandarini: Wilaya ya Kusini mwa New York na mashauri yaliyotoka pwani yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa majaji, mawakili wenzangu, wanafunzi wa sheria na wageni wetu nyote, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie historia na mamlaka ya mahakama moja ya kigeni, nami nimechagua Mahakama ya Shirikisho ya Wilaya ya Kusini mwa New York, ambayo makao yake yako Foley Square, Manhattan. Eneo lake kisheria ni kaunti nane tu: Manhattan, Bronx, Westchester, Putnam, Rockland, Orange, Dutchess na Sullivan. Hata hivyo, humo ndimo walimohukumiwa watu wanne walioshiriki kulipua balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam, ndimo alimohukumiwa kijana wa Kisomali aliyeteka meli iliyokuwa ikija hapa Mombasa, na ndimo walimohukumiwa ndugu wawili wa mji huu huu. Swali ninalotaka tulijadili jioni hii ni hili: mahakama ya kaunti nane inapata wapi uwezo wa kumhukumu mtu wa Pemba kwa kosa lililotendeka Dar es Salaam, na uwezo huo unakomea wapi?

Kwanza tuelewane kuhusu ngazi yake. Mtanzania akisikia mahakama ya wilaya atamfikiria hakimu na mashauri madogo madogo, lakini hii si mahakama ya ngazi hiyo. Ni mahakama ya kwanza kusikiliza mashauri ya shirikisho, yenye uzito wa Mahakama Kuu kwetu, na majaji wake huteuliwa na Rais, wakathibitishwa na Seneti, wakashika kazi hiyo maisha yao yote maadamu wana mwenendo mwema, wala mshahara wao haupunguzwi wakiwa kazini. Wilaya za namna hii nchini Marekani leo ni 94. Rufaa kutoka hii tunayoizungumza huenda Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili, iliyo hapo hapo Foley Square, na kutoka huko Mahakama ya Juu ya Washington, ikiwa Mahakama ya Juu itakubali kuisikiliza.

Sheria ya Mahakama iliyotiwa saini na George Washington tarehe 24 Septemba 1789 ilianzisha wilaya 13, mojawapo ikiwa New York. Tarehe 3 Novemba mwaka huo Jaji James Duane, ambaye alikuwa ametoka kwenye umeya wa jiji hilo, alifungua kikao cha kwanza katika jengo la soko la wafanyabiashara katika mtaa wa Broad. Mahakama ya Juu yenyewe haikukaa mpaka Februari 1790, na ndiyo maana mawakili wa New York wanapenda kuiita mahakama yao mama wa mahakama zote za shirikisho. Ni majivuno, lakini kalenda iko upande wao.

Tuitazame mahakama hiyo changa ilikuwa na nini mkononi. Katika jinai ilikuwa na uwezo mdogo ajabu: viboko visivyozidi 30, faini isiyozidi dola 100, au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa mazito yalipelekwa kwenye mahakama nyingine ya shirikisho, Mahakama ya Mzunguko, iliyokaa katika wilaya ile ile mpaka ilipofutwa na shughuli zake kuhamishiwa mahakama ya wilaya mwanzoni mwa 1912. Lakini katika mambo ya bahari na ya forodha mahakama ya wilaya haikuwa na mshindani. Miongoni mwa mashauri yake ya mwanzo kabisa limo moja ambalo wanafunzi wakilisikia hucheka: Serikali ya Marekani dhidi ya Makasha Matatu ya Bidhaa za Chuma. Mshitakiwa hakuwa mtu, bali ni mzigo uliokiuka taratibu za ushuru. Kwa sheria ya bahari, chombo au shehena huweza kushitakiwa yenyewe, na mahakama ikishaikamata imepata mamlaka, hata kama mwenye mali yuko Liverpool au Zanzibar. Aliye na kitu mkononi ndiye mwenye shauri. Naomba tuishike kanuni hiyo, kwa sababu nitaonyesha kwamba ilihama kutoka kwenye makasha ikaingia kwenye watu.

Tarehe 9 Aprili 1814 wilaya ya New York iligawanywa, Kaskazini na Kusini, na ile ya Kusini ikabaki na bandari. Mwaka 1865 Brooklyn na Long Island zilimegwa kuwa Wilaya ya Mashariki, na jambo la kupendeza ni kwamba sheria haikukubali kuyagawa maji: mpaka leo mahakama hizi mbili zina mamlaka ya pamoja juu ya maji yaliyo ndani ya Wilaya ya Mashariki. Jaji Samuel Betts alikaa katika kiti cha Wilaya ya Kusini kuanzia 1826 hadi 1867, miaka zaidi ya 40, na katika muda huo wote kazi kubwa ilikuwa meli, mabaharia, bima, shehena zilizoharibika na migongano ya vyombo. Mwaka 1912, Titanic ilipozama, kampuni yenye meli hiyo ya Kiingereza ilikwenda mahakama hiyo hiyo kuomba dhima yake iwekewe kikomo.

Sasa tuje kwenye watu. Katiba ya Marekani inampa mshitakiwa haki ya kuhukumiwa na juri, yaani baraza la raia wanaoamua hatia, la jimbo na wilaya kosa lilipotendeka. Waliotunga Katiba walijua kwamba kuna makosa yasiyotendeka katika jimbo lolote, kwa hiyo Ibara ya 3 ikaliachia Bunge lao kazi ya kupanga mahali pa kuyahukumu. Bunge halikuchelewa. Sheria ya Makosa ya mwaka 1790 ilisema kwamba kosa lililotendeka katika bahari kuu, au mahali popote nje ya mamlaka ya jimbo lolote, litasikilizwa katika wilaya mshitakiwa alipokamatwa au alipofikishwa kwanza. Sentensi hiyo iliandikwa kwa ajili ya mabaharia waasi na maharamia wa zama za tanga. Imo mpaka leo katika Kifungu cha 3238 cha sheria zao za jinai, na hiyo ndiyo njia waliyopita watu wetu. Ndege inapotua katika uwanja uliomo katika wilaya hiyo na mshitakiwa akashushwa mikononi mwa maafisa wake, suala la mahali limekwisha.

Mfano wa zamani unaotugusa Waafrika ni wa nahodha Nathaniel Gordon. Tarehe 8 Agosti 1860 meli yake, Erie, ilikamatwa na manowari ya Marekani karibu na mlango wa mto Kongo ikiwa na watu 897 waliokusudiwa kuuzwa utumwani, wengi wao watoto. Sheria ya 1820 ilikwisha kulihesabu kosa hilo kuwa uharamia na adhabu yake kifo, lakini kwa miaka 40 hakuna aliyenyongwa. Gordon aliletwa New York. Juri la kwanza, Juni 1861, lilishindwa kuafikiana. La pili, Novemba mwaka huo, lilimtia hatiani katika Mahakama ya Mzunguko ya Wilaya ya Kusini. Rais Lincoln aliombwa sana amsamehe. Alimwongezea wiki mbili tu za kujiandaa, na tarehe 21 Februari 1862 Gordon akanyongwa, mtu wa pekee aliyewahi kupewa adhabu hiyo chini ya sheria ile. Waliokuwa kwenye meli ya mauti ile walishushwa Monrovia, Liberia, maelfu ya kilomita kutoka makwao. Mahakama ilikuwa na mamlaka juu ya nahodha. Juu ya kuwarudisha wale watu Kongo haikuwa na lolote.

Miaka karibu 150 baadaye kifungu kile kile kilifanya kazi juu ya Abduwali Muse, yule kijana wa Kisomali. Tarehe 8 Aprili 2009 yeye na wenzake watatu waliiteka meli ya Kimarekani Maersk Alabama, iliyokuwa na shehena ya chakula cha misaada na safari yake ni Mombasa. Wenzake walipigwa risasi. Yeye alipelekwa New York. Shauri lake lilianza na jambo dogo kisheria lakini zito kibinadamu: ana umri gani? Baba yake alihojiwa kwa simu kutoka Somalia, na hakimu, baada ya kusikiliza, akaamua kwamba kijana ashitakiwe kama mtu mzima. Alikiri makosa, lile la uharamia likaondolewa, na Februari 2011 Jaji Loretta Preska akamfunga miaka 33 na miezi tisa. Naomba niongeze, maana wengi husahau, kwamba mwezi Januari 2009 Kenya ilikuwa imekubaliana na Marekani kupokea washukiwa wa uharamia, na wengi walihukumiwa hapa hapa Mombasa. Kupelekwa Muse Manhattan, kwa hiyo, hakukutokana na kukosekana mahakama ya kumhukumu. Meli ilikuwa yao, nahodha aliyetekwa alikuwa wao, wakataka shauri liwe lao.

Tarehe 7 Agosti 1998, siku balozi zilipolipuliwa, sihitaji kuisimulia kwa hadhira hii. Waliokufa walikuwa 224: 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, na kati ya wote hao Wamarekani walikuwa 12. Kwa hesabu ya damu, shauri lilikuwa letu. Kwa hesabu ya sheria, Marekani ilikuwa na sheria zinazofuata mali yake, watumishi wake na raia wake popote walipo, na Wilaya ya Kusini ilikuwa tayari na hati ya siri ya mashitaka dhidi ya Osama bin Laden tangu Juni 1998, miezi miwili kabla ya milipuko. Kabla Agosti haijaisha, washukiwa wawili walikuwa wamekwisha kutolewa Nairobi na kufikishwa New York.

Shauri lilisikilizwa mbele ya Jaji Leonard Sand kuanzia Januari 2001, na mashahidi wakasafiri kutoka Kenya na Tanzania kwenda kutoa ushahidi. Kabla ya ushahidi kuanza, jaji alitoa uamuzi ambao kwa maoni yangu ni mzito kuliko hukumu yenyewe: kwamba haki ya mtu kutolazimishwa kujishuhudia inamlinda hata mgeni asiye raia, anayehojiwa katika nchi ya kigeni, maadamu wanaomhoji ni maafisa wa Marekani na anayoyasema yatatumiwa dhidi yake Marekani. Wako waliolalamika kwamba hayo ni kumlemaza mpelelezi. Mimi naona ni mantiki tupu: kama sheria yako ya adhabu inasafiri hadi Nairobi, sheria yako ya haki haiwezi kubaki nyumbani.

Tarehe 29 Mei 2001 juri liliwatia hatiani wote wanne. Siku moja kabla, tarehe 28 Mei, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikuwa imetoa hukumu kuhusu mmoja wao, Khalfan Khamis Mohamed wa Zanzibar, aliyekamatwa Cape Town Oktoba 1999 na kukabidhiwa kwa Wamarekani upesi upesi. Mahakama hiyo ilisema serikali ya Afrika Kusini ilivunja Katiba yake kwa kumtoa bila kwanza kupata ahadi kwamba hatauawa. Na kwa kuwa mtu mwenyewe alikuwa hayuko tena mikononi mwake, ikaagiza nakala ya hukumu ipelekwe kwa haraka mahakama ya New York. Sijui, katika usomaji wangu wa sheria, hati nyingine inayoonyesha waziwazi kiasi hicho mipaka ya mahakama: majaji wa Johannesburg wakiwa na haki yote upande wao na wasiwe na uwezo wa kufanya zaidi ya kutuma karatasi. Tarehe 10 Julai juri la New York lilishindwa kuafikiana juu ya adhabu ya kifo kwa Mohamed, na kwa sheria yao kutoafikiana huko kulimaanisha kifungo cha maisha. Hukumu za wote wanne zilisomwa tarehe 18 Oktoba 2001, wiki tano baada ya minara miwili kuanguka mwendo wa miguu kutoka hapo mahakamani, na zote zilikuwa kifungo cha maisha. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa iliafiki kutiwa hatiani kwa wale watatu waliokata rufaa.

Ahmed Khalfan Ghailani, Mzanzibari mwingine aliyeshitakiwa kwa milipuko hiyo hiyo, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akawekwa katika magereza ya siri ya shirika la ujasusi la Marekani, akahamishiwa gereza la kijeshi la Marekani la Guantánamo mwaka 2006, na mwezi Juni 2009 akafikishwa New York. Mawakili wake walimwomba Jaji Lewis Kaplan alifute shauri zima kwa sababu ya mateso aliyodai kuyapata. Mwezi Mei 2010 jaji alikataa. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, jaji yule yule alimzuia shahidi muhimu wa serikali, Mtanzania aliyetarajiwa kueleza habari za baruti, kwa sababu serikali ilimjua shahidi huyo kutokana na yale Ghailani aliyoyasema chini ya shinikizo. Ukiyasoma maamuzi hayo mawili bila kuyaunganisha utadhani yanapingana. Hayapingani. Mahakama hii haiulizi mwili wa mshitakiwa ulifikaje mbele yake. Huuliza ushahidi ulifikaje. Novemba 2010 juri lilimwachia kwa makosa zaidi ya 280 na kumtia hatiani kwa moja, la njama ya kuharibu majengo na mali za Marekani, na kosa hilo moja likatosha kumpa kifungo cha maisha Januari 2011.

Kutouliza mwili ulifikaje ni fundisho la zamani. Mwaka 1886 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kuhukumiwa kwa Frederick Ker, aliyenyakuliwa Peru bila kufuata mkataba, na mwaka 1992 ikarudia hilo kwa daktari aliyetekwa Mexico. Ni yale yale ya makasha ya chuma: kitu kikiwa mkononi, mamlaka yapo. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili iliacha mlango mdogo mwaka 1974 kwa mateso ya kutisha yanayofanywa na maafisa wa Marekani wenyewe, lakini wanaofaulu kupita mlango huo ni nadra sana.

Upande wa madai nitapita haraka. Mahakama hii husikiliza mashauri yanayotokana na sheria za shirikisho, na pia ugomvi kati ya watu wa majimbo tofauti au wageni ikiwa kinachodaiwa kinazidi dola 75,000. Wapo Wanigeria wa Ogoni waliokwenda humo kuishitaki kampuni ya mafuta ya Shell kwa kutumia kifungu kingine cha sheria ya 1789 kinachomruhusu mgeni kudai fidia kwa kuvunjwa sheria ya mataifa. Familia ya Ken Saro-Wiwa, mwandishi na mtetezi wa Waogoni aliyenyongwa Nigeria, na wenzao walimaliza kwa suluhu ya dola milioni 15.5 mwaka 2009. Wenzao wa shauri la mjane Esther Kiobel walikatiwa njia na Mahakama ya Juu mwaka 2013, iliyosema kwamba kifungu hicho hakifiki kwenye matendo yaliyofanyika nchi nyingine. Angalieni tofauti hiyo kwa makini: serikali ikitaka kumfunga mtu, sheria inavuka bahari, mjane akitaka fidia, inaishia ufukweni. Na waathiriwa wa balozi walioidai Sudan, wakiituhumu kuwasaidia walipuaji, hawakwenda New York kabisa. Madai yao yalisikilizwa Washington, kwa sababu mashauri dhidi ya dola za kigeni yana utaratibu wake.

Namalizia na la nyumbani. Baktash na Ibrahim Akasha walikamatwa hapa Mombasa Novemba 2014, Marekani ikitaka wapelekwe huko kwa mashitaka ya biashara ya dawa za kulevya. Sheria iliyotawala ni Sura ya 76 ya Sheria za Kenya, pamoja na mkataba ambao Uingereza na Marekani waliuweka mwaka 1931 nasi tukaurithi, kama walivyourithi Watanzania. Chini ya sheria hiyo ni hakimu wa kwetu anayepaswa kuridhika kwanza kwamba ombi lina msingi. Shauri lilisuasua zaidi ya miaka miwili, na mwishoni mwa Januari 2017, likiwa bado halijaamuliwa, ndugu hao walichukuliwa na kupandishwa ndege. Mbele ya Jaji Victor Marrero walikiri; Baktash alipata miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwaka 2020.

Ningependa kusema hapa, kwa sauti ya wakili, kwamba mahakama ya Mombasa ilinyang'anywa shauri lake, na kwa kuwa New York haiulizi mtu alifikaje, mahali pa pekee pa kuuliza palikuwa hapa. Hilo ni kweli. Lakini katika kukiri kwao, ndugu hao walikubali pia kosa la kuzuia haki isitendeke: kwamba walikuwa wakiwahonga maafisa wa Kenya ili wasipelekwe. Hoja yangu inanikwama kooni hapo, na sidhani kuna mwanasheria wa pwani hii anayeweza kuimeza kwa urahisi. Hakimu wa Mombasa ndiye pekee aliyekuwa na mamlaka ya kulijibu swali la kuhamishwa kwao, na miaka miwili na ushei ilipita bila jibu, huku wenye shauri wakiwa wanalinunua hilo lisijibiwe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nashukuru kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.